Santuri za Mtumba Zinapogoma: Kutafuta Kosa Kabla ya Kuilaumu Santuri

Mtu anayenunua santuri kuukuu Mwanza, iwe kwenye mabanda ya mitumba ya Mlango Mmoja, kwa mzee wa Kirumba anayehama nyumba, au kwa familia ya Ukerewe iliyofungua sanduku la marehemu, hurudi nyumbani na mzigo ambao haukuguswa kwa miaka mingi. Kisha huuweka juu ya mashine ya kupigia santuri ambayo, aghalabu, nayo haikuguswa kwa miaka hiyo hiyo. Sauti ikitoka mbaya, lawama huiangukia santuri, kwa sababu ndiyo iliyonunuliwa juzi. Malalamiko ninayoyasikia mara kwa mara kwa wapenzi wa santuri wa hapa, yakichunguzwa vizuri, huishia kwenye uchafu au kwenye mashine kuliko kwenye santuri yenyewe, na santuri nyingi nzuri zimeharibiwa na mtu aliyezisugua kutafuta kosa ambalo halikuwamo.

Kwa hiyo, tenga santuri moja unayoifahamu kuwa ni nzima, safi na isiyopinda, na uifanye shahidi. Kila tatizo linapojitokeza, piga shahidi kwanza. Akisikika vibaya naye, acha kuishughulikia santuri mpya na uigeukie mashine.

Sauti inatatarika, inakwaruza au inapasuka-pasuka

Sababu ya kwanza, na inayozidi nyingine zote kwa mbali, ni uchafu: vumbi la barabarani, mafuta ya vidole, moshi wa sigara wa baa za zamani, na unyuzi wa karatasi ya jalada la ndani. Sababu ya pili ni sindano chakavu. Ya tatu ni mifereji iliyolika, na ya nne ni mchubuko halisi. Umemetuli nao hutatarika, ila kando ya ziwa hausumbui sana isipokuwa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti, hewa inapokauka.

Anza kwa masikio. Piga sehemu ile ile mara mbili. Mipasuko ikibadilisha mahali, ni vumbi au umemetuli. Ikirudi pale pale, kwa mpigo usiobadilika, ni mchubuko: kwenye santuri kubwa ya mizunguko 33⅓ kwa dakika mpasuko hurudi kila baada ya sekunde 1.8, na kwenye ndogo ya mizunguko 45 kila baada ya sekunde 1.3 hivi. Ikiwa hakuna mipasuko ila sauti ya mwimbaji inapasuka kila anapopaza, na hali huzidi kadiri sindano inavyokaribia lebo, mifereji imelika. Kulika huku ni ugonjwa wa kawaida wa santuri zilizopigwa kwenye vinanda vidogo vya betri, ambavyo mikono yake ya kubebea sindano ilikuwa mizito na sindano zake za yakuti zilidumu makumi ya saa tu kabla ya kuchongeka, lakini zikaachwa ziendelee kwa miaka. Mifereji iliyolika haioshwi ikapona.

Sasa tazama sindano. Ilete kwenye mwanga na kioo kikuzaji, uone kama nchani kuna kishada cha unyuzi wa kijivu, kidogo kama kipande cha utando wa buibui, kilichojikunja kuizunguka ncha. Kishada hicho peke yake huifanya santuri nzima isikike kama inakaangwa. Kiondoe kwa brashi laini kikavu, ukivuta kutoka nyuma kuja mbele, kamwe si kwa kidole na kamwe si kutoka mbele kwenda nyuma, kwa sababu kijiti kinachoibeba ncha huvunjika kwa kusukumwa.

Iwapo shahidi anasikika vizuri na mpya bado inatatarika, ioshe. Pangusa kwanza vumbi kavu kwa brashi laini, ukifuata mzunguko wa mifereji, maana ukilowesha vumbi umelifanya tope. Kisha chukua maji yaliyokenekwa, tone moja au mawili ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kitambaa laini kisichotoa nyuzi. Futa kwa kuzungusha, suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni, na usimamishe santuri kivulini kwenye rafu ya kuanikia vyombo hadi ikauke yenyewe. Lebo isiloweshwe. Maji ya bomba au ya ziwa yanaposhuka kwenye mfereji na kukauka huacha chumvi zake humo, na hiyo huwa kelele mpya uliyoinunua kwa jasho lako.

Hapa pana onyo la kwanza zito. Maji yaliyokenekwa hupatikana kwenye vituo vya mafuta na maduka ya vipuri kwa jina la maji ya betri, lakini rafu hiyo hiyo hubeba asidi ya betri katika chupa zinazofanana. Soma kibandiko, na kama hakisomeki usinunue.

Onyo la pili linahusu santuri za mizunguko 78, zile nene, nzito, zisizopinda na zinazovunjika zikidondoka, ambazo nyingi ni za kabla ya miaka ya 1960. Hizi zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu ambao maseremala huuyeyusha kwa spiriti ili kung'arishia mbao. Kinachoyeyusha shelaki ya seremala kitayeyusha pia mifereji ya santuri yako. Spiriti isiguse santuri ya 78 hata tone, na maji yenyewe yasikae juu yake kwa muda mrefu. Kwa santuri za aina yoyote, mafuta ya taa, petroli na jiki havina kazi hapa, hata kama jirani atakuapia kwamba babu yake alivitumia.

Ikiwa umeosha mara mbili na hali haijabadilika, acha. Kuosha mara ya tatu hakutaondoa kitu ambacho mara mbili za kwanza hazikukiondoa.

Sindano inaruka, au inakwama na kurudia neno lile lile

Kwa mpangilio wa utokeaji, sababu ni hizi: uchafu mgumu ndani ya mfereji, mashine isiyokaa sawa, uzito wa mkono usiofaa, santuri iliyopinda, na mwisho mchubuko uliovuka kuta za mifereji.

Angalia kwanza mahali mashine iliposimama. Weka pima maji, kile cha fundi ujenzi, juu ya sahani inayozunguka, na urekebishe miguu au uingize vipande vya karatasi ngumu chini yake. Nyumba nyingi za milimani, kuanzia Bugando hadi Mabatini, zina sakafu ambazo hazijawahi kuona pima maji tangu zimwagwe. Ikiwa sindano huruka mtu anapopita tu, meza ndiyo yenye kosa. Hamishia mashine kwenye rafu iliyopigiliwa ukutani.

Halafu pima uzito wa mkono, yaani uzito unaoikandamiza sindano mferejini. Katriji, kile kichwa kidogo kinachoibeba sindano na kuigeuza mitikisiko yake kuwa umeme, nyingi za sumaku hutaka gramu 1.5 hadi 2, za kauri gramu 4 hadi 6, na karatasi ya kiwanda ikiwepo ifuate hiyo. Huna haja ya kuagiza kipimo kutoka Ulaya: mizani midogo ya kupimia dhahabu, inayosoma sehemu ya mia ya gramu, si kitu kigeni katika mji unaouza dhahabu ya Geita, na hufanya kazi hii barabara. Hakikisha tu kwamba sahani ya mizani iko usawa ule ule ambao santuri ingekuwapo, na kwamba si ya chuma kinachovutwa na sumaku, kwa maana katriji itaivuta na namba itadanganya.

Watu wengi huweka sarafu juu ya kichwa cha mkono ili sindano isiruke. Sarafu moja huongeza gramu kadhaa, yaani hufanya uzito kuwa mara tatu au nne ya unaotakiwa. Ni kweli sindano huacha kuruka, kwa sababu sasa inalima. Ukikuta mashine ya mtumba yenye alama ya gundi au utepe juu ya kichwa cha mkono, jua kwamba santuri zilizouzwa pamoja nayo zimelimwa, na bei uiteremshe.

Uzito ukiwa sawa na santuri moja tu ikaendelea kukwama mahali pamoja, itazame hapo kwa kioo kikuzaji. Kidonge cha uchafu huonekana kama doa lililoinuka, na hutoka kwa maji ya uvuguvugu na njiti ya meno ya mbao iliyolainishwa nchani, ukiipitisha kwa kufuata mfereji. Kama ni mchubuko, kuongeza uzito hakutausaidia.

Kwa santuri za 78 pana sababu ya pekee: sindano isiyo yake. Mfereji wa 78 ni mpana, unahitaji ncha ya mikroni 75 hivi, ilhali sindano ya santuri za kawaida ni ya mikroni 18 hivi na hukimbia-kimbia chini ya mfereji ikiokota takataka. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwani sindano ya 78 ikipigishwa santuri ya 33⅓ huiharibu kwa mara moja. Mashine nyingi za zamani zina kigeuzi chenye alama mbili kwenye kichwa cha mkono. Kiangalie kila unapobadilisha aina ya santuri.

Wimbo unakwenda taratibu, au sauti inayumba

Mkanda wa mpira uliolegea ndio sababu ya kawaida, ukifuatwa na mafuta yaliyoganda kwenye mhimili, kisha gurudumu la mpira lililokauka katika mashine zisizotumia mkanda. Hizi fundi yeyote wa redio huzimaliza mchana mmoja. Iko nyingine, hata hivyo, ambayo imewatesa wengi hapa na ambayo mafundi nao huikosa.

Mashine nyingi za mtumba zilizotoka Marekani zina mota ambayo kasi yake hufuata masafa ya umeme, yaani mapigo yake kwa sekunde yanayohesabiwa kwa hezi, si volti zake. Umeme wa kule ni wa volti 120 na hezi 60. Wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Mnunuzi huambiwa anunue transfoma ya kushusha volti, naye hununua, na mashine haiungui. Lakini transfoma hushusha volti tu na huyaacha masafa yalivyo, kwa hiyo mota huzunguka kwa sehemu tano kati ya sita za kasi yake: santuri ya 33⅓ huenda kwa takriban 27.8, na mwimbaji wa sauti nyororo husikika kama amefufuka leo. Dawa yake ni puli, yaani gurudumu la mota, iliyokusudiwa hezi 50, au mota nyingine. Kabla ya kulipa, soma kibati cha nyuma ya mashine: kikiandika hezi 50/60, uliza kama kuna puli au swichi ya kubadilisha, kikiandika 60 pekee, hesabu gharama hiyo tangu pale. Mashine za Kijapani za volti 100 zahitaji transfoma pia, ila Japani yenyewe hutumia hezi 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi, hivyo nyingi zimeandaliwa kwa zote mbili.

Ili kupima kasi bila kubahatisha, chapisha duara la karatasi lenye mistari 180 iliyogawanywa sawasawa, uliweke juu ya sahani, na ulimulike kwa balbu inayotumia umeme wa hezi 50. Mistari ikionekana imesimama, kasi ni 33⅓ kamili. Ikirudi nyuma, mashine ni ya polepole. Balbu nyingi za LED hazifai kwa kipimo hiki kwa sababu mwanga wake hautetemi pamoja na umeme. Huna duara, bandika kipande cha utepe pembeni mwa sahani na uhesabu: kwa dakika 3 kamili kipite mara 100.

Kuyumba ni jambo jingine. Ikiwa sauti hupanda na kushuka mara moja kila mzunguko, tazama mkono kutoka juu. Mkono ukienda kulia na kushoto, tundu la santuri haliko katikati, ama tangu kiwandani, ama kwa sababu ni santuri ndogo yenye tundu kubwa la milimita 38 na kiziba chake, kile kinachojaza tundu hilo, kimechongwa kwa mkono. Badilisha kiziba kwanza. Mkono ukipanda na kushuka, santuri imepinda.

Sauti ni hafifu na nyembamba, au inatoka upande mmoja

Anza na nyaya. Chomoa pini, zifute, ubadilishane kulia na kushoto. Ukimya ukihama upande, kosa liko kwenye mashine au nyaya zake; ukibaki palepale, liko kwenye amplifaya au spika.

Sauti hafifu isiyo na besi katika spika zote mbili, kwa mashine iliyounganishwa kwenye subwoofer au redio ya kisasa, karibu daima ina maana moja. Katriji ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na zaidi ya hapo santuri hukatwa ikiwa besi yake imepunguzwa na sauti nyembamba zimeongezwa, ili mifereji itoshe. Inahitajika priampu ya santuri, kile kikuza sauti kidogo cha awali, ili kuinua sauti na kurudisha besi. Tundu la AUX halifanyi kazi hiyo. Lile la PHONO kwenye amplifaya za zamani hufanya. Katriji ya kauri haihitaji priampu, na ukiichomeka kwenye PHONO itanguruma.

Mvumo usiokoma, harufu ya kuungua, au mashine inapiga shoti

Mvumo wa chini unaosikika hata santuri ikiwa imesimama huletwa kwanza na waya wa ethi wa mashine usiofungwa kwenye amplifaya, waya ule mwembamba unaotoka pamoja na pini ambao wauzaji huukata kwa kuuona hauna maana. Ufunge, na mara nyingi mvumo hukoma. Ukibaki, sogeza mashine mbali na transfoma na chaja za simu. Mvumo unaokuja tu spika zikifunguliwa kwa nguvu ni mtikisiko unaorudi kwenye sindano. Tenganisha meza ya spika na ya mashine.

Hapo ndipo kazi ya mwenye santuri inapokomea. Ukihisi mtekenyo wa umeme unapogusa chuma cha mashine, ukinusa mpira au rangi inayoungua, fyuzi ikikatika mara ya pili, au ikiwa mashine yako ni redio-gramu ya zamani yenye valvu zinazowaka ndani, zima ukutani, chomoa, na usifungue kifuniko. Ndani ya redio za valvu mna umeme wa mamia ya volti, na kapasita zake, vile vihifadhi umeme, huweza kuubakiza baada ya kuchomolewa, kwa muda ambao huwezi kuukisia kwa macho. Tafuta fundi aliyewahi kushughulikia valvu, ambaye siku hizi ni mzee zaidi kuliko kijana; fundi simu hodari si lazima awe fundi wa kitu hiki. Na kama nyumba yenyewe haina ethi, hilo ni la fundi umeme wa majumbani, si la fundi redio.

Santuri imepinda, au imeota ukungu

Paa la bati la saa nane mchana na buti ya gari iliyoegeshwa kwenye foleni ya kivuko hupindisha santuri kwa saa chache. Ikiwa mpindo ni mdogo na sindano haitoki mferejini, ipige hivyo hivyo. Ukiwa mkubwa, ilaze kati ya vioo viwili vinene visafi, uzito wa wastani juu yake, mahali pasipo jua, na uiache kwa majuma kadhaa. Wakati mwingine hunyooka, mara nyingi hunyooka nusu. Jiko, pasi na jua hazinyooshi santuri bali huyeyusha mifereji.

Ukungu mweupe ni jambo la kawaida kwa santuri zilizohifadhiwa visiwani na karibu na maji. Ufutie nje ya nyumba ukiwa na barakoa, osha kama ilivyoelezwa juu, na utupe majalada ya ndani ya karatasi, kwa sababu ukungu hurudi kutoka humo. Jalada la nje lililoota lisirudishwe rafuni pamoja na mengine hata kama ni zuri. Zihifadhi zikiwa zimesimama wima, mbali na ukuta unaotoa unyevu, na uangalie mende, ambao hula gundi ya majalada.

Kilichomo ndani sicho kilichoandikwa juu

Mara nyingi ni mchanganyiko wa kawaida tu: santuri ya baa ilirudishwa usiku kwenye jalada lililokuwa karibu. Linganisha namba ya lebo na ya jalada, kisha namba iliyochongwa kwenye eneo tupu kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Hiyo ya tatu ndiyo ya kuaminika zaidi, kwa kuwa lebo hubandikwa na huweza kukosewa.

Usishangae kukuta bendi ya Tanzania kwenye lebo ya kampuni ya Kenya. Bendi zetu zilirekodiwa sana na Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini kwenye mikanda, na santuri zao nyingi zilifyatuliwa Nairobi, hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa nchi hizi mbili kufungwa mwaka 1977. Wala si kasoro wimbo mmoja kukatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu na ya pili upande ule. Santuri ndogo za rumba na za benga zilitolewa hivyo. Kwa upande wetu wa ziwa, benga ya Shirati Jazz ya D. O. Misiani, mzaliwa wa Shirati mkoani Mara, huulizwa kila mara, na kwa sababu huulizwa, muuzaji hupandisha bei kwa jina tu bila kutazama hali.

Mwambie kwa adabu: "Shikamoo mzee, naomba niitoe niiangalie." Ishike kwa kingo, uilaze kwa mshazari kwenye mwanga wa mlango wa banda, na uizungushe polepole. Michubuko ya juu juu huonekana kama nywele na hupotea pembe ikibadilika. Ile ya kina hubaki inang'aa, na ukucha ukipita juu yake kidogo hukwama. Uso uliofifia na kuwa wa kijivu ni wa mifereji iliyolika. Akikataa santuri isitolewe, toa bei ya jalada peke yake, na akikubali haraka mno, liangalie jalada nalo upya.